Anti Zai, nina 1310 ya SAT: niitume au niikalie kimya?

Anti Zai shikamoo,

Naomba usinitaje jina, niite tu Binti wa Moro. Nimemaliza fomu siksi mwezi wa tano mwaka huu, nilikuwa PCM, matokeo yakatoka nina divisheni wani ya pointi 4, hesabu A, fizikia A, kemia B, nyumbani walichinja kuku. Sasa kuna dada mmoja tulisoma naye, yeye alitangulia akapata chuo Marekani analipiwa kila kitu, ndo aliyenitia moyo na mimi niombe, akanielekeza nikafanye SAT, ule mtihani wa hesabu na Kiingereza wa kuombea vyuo vya Marekani. Baba ni mwalimu wa praimari mstaafu na mama ana meza ya mitumba sokoni, hela ya mtihani ni dola mia na ushee yani karibu laki tatu, baba akaitoa kwenye kiinua mgongo chake, nikapanda basi kwenda Dar nikalala kwa shangazi nikafanya mwezi wa nane.

Nimepata 1310 kati ya 1600. Hesabu 750, kusoma na kuandika 560. Kwanza nilifurahi ile 750, afu nikaenda kuangalia alama za wanaochukuliwa kwenye vyuo nilivyoandika kwenye daftari langu nikakuta watu wana 1500 na kitu, furaha yote ikaishia hapo.

Kinachonichanganya ni kwamba kuna vyuo vinasema kutuma matokeo ni hiari. Mjomba wangu yuko Minnesota miaka mingi anaendesha trela, anasema wee usithubutu, hiyo namba itakuharibia, kaa nayo. Yule dada anasema hiari ni maneno ya mdomoni tu, asiyetuma wanajua kabisa ana kitu anaficha. Baba ndo kabisa, anasema mtihani umefanya, matokeo yametoka, kuyaficha ni udanganyifu na yeye hajanilea hivo, halafu anaongeza kwani hela ya kiinua mgongo ilikuwa ya nini kama karatasi inakaa kabatini. Hapo naishiwa nguvu Anti.

Kuna na la mkuu wa shule. Nilimpelekea habari akafurahi sana, kwenye barua ya kunipendekeza ameandika nimepata 1310 na mimi ndo mwanafunzi wa kwanza wa shule yetu kufanya SAT. Hajaituma bado, anasubiri nimwambie.

Vyuo vyangu ni Dartmouth, Bowdoin, Columbia, Chuo Kikuu cha Chicago, MIT, Georgetown na Berkeley. Nahitaji kulipiwa kila kitu, ada mpaka nauli. Dedilaini nyingi ni mwanzoni mwa Januari. Nitume au nisitume? Na nirudie mtihani au niache?

Binti wa Moro

Marahaba mwanangu, na hongera, pointi 4 ya PCM si mchezo, na mpe pole mzee wa kiinua mgongo maana nitamgusa huko mbele.

Nimeisoma barua yako nikaona wote watatu, baba, mjomba na huyo dada, wanakujibu kama vile chuo ni kimoja. Daftari lako lina vyuo saba na sheria zao hazifanani hata kidogo, vingine hata hiyo ruhusa ya kuchagua huna. Kwa hiyo weka kwanza 1310 pembeni tuvipitie.

Berkeley kifute leo. Vyuo vyote vya University of California tangu 2021 haviangalii SAT kabisa, hata ukipata 1600 hawaisomi, hiyo si hiari, wamefumba macho. Lakini sikufutishi kwa sababu hiyo, nakufutisha kwa sababu vyuo vile vya jimbo havitoi msaada wa fedha kwa mwanafunzi wa kigeni kwa kuangalia shida yake, na wewe unahitaji mpaka nauli. Utapoteza hela ya fomu bure.

MIT nako huna la kuchagua, walirudisha SAT au mtihani mwenzake ACT kuwa lazima tangu 2022, na kwenye hesabu robo ya chini ya waliochukuliwa inaishia kwenye 780 hivi, robo tatu wako hapo au juu yake. 750 yako ni nzuri mwanangu, ni nzuri sana, ila pale mlangoni ni ya kawaida, na 560 inaivuta chini. Usipopandisha alama nisingekushauri uchome muda na esei zao.

Georgetown nao hawataki uwachagulie, wanataka matokeo ya kila mara uliyokaa mtihani. Hapa baba yako ana haki asilimia mia: chuo kikisema leta yote, ukatoa moja ukaacha jingine, huo ndo udanganyifu wenyewe, na wakigundua hata umeshapanga begi wanaifuta nafasi. Ukitaka kuomba Georgetown tuma kila kitu, kama hutaki kifute.

Sasa tuje kwenye vitatu ambavyo kweli kuna hiari. Bowdoin hao ni wazee wa kazi, wameacha kulazimisha mtihani tangu 1969, kabla hata mama yako hajazaliwa nadhani, kwa hiyo dada yako akisema hiari ni maneno ya mdomoni, kwa chuo kama hiki si kweli, wameshasoma mafaili yasiyo na alama kwa zaidi ya miaka 50 na wanajua kuyasoma. Chicago walianza 2018, na wanasema wazi kwamba alama kama haitakusaidia hawataitumia kukuumiza. Columbia mwaka 2023 wakatangaza kwamba kwao hiari ni ya kudumu. Hawa watatu mimi ningekuwa wewe siwatumii 1310. Si kwamba ni alama mbaya, waliomaliza sekondari Marekani 2024 wastani wao ulikuwa 1024 na wengi wao Kiingereza ndo lugha waliyozaliwa nayo, ila pale kwenye meza ya Columbia anayetuma ni yule mwenye 1500 na zaidi, kwa hiyo namba yako ikikaa humo haiongei vizuri kuliko divisheni wani yako inavyoongea.

Ila dada yako usimpuuze moja kwa moja. Ni kweli kuna vyuo ukiangalia takwimu zao waliotuma wanachukuliwa kwa wingi kuliko wasiotuma, watu wanaona hapo wanapiga kelele umeona, umeona! Lakini fikiria, nani anatuma? Ni yule aliyesoma shule nzuri ana mwalimu wa ziada na esei imepitiwa na watu, huyo angechukuliwa hata bila alama. Kwa hiyo ile tofauti yote usiibebeshe SAT peke yake.

Nimekiacha Dartmouth mwisho kwa makusudi, maana ndicho kinachokuhusu kuliko vyote. Mwaka 2024 walirudisha mtihani kuwa lazima, na sababu yao ilinigusa. Maprofesa wao walichimba data za miaka ya hiari, ile iliyokuja na korona, wakakuta kuna watoto wa familia za hali ya chini wana alama kwenye 1400 hivi, wakaziona ndogo wakazificha, kumbe wangetuma zingewasaidia, kwa sababu chuo kinaangalia alama imetoka wapi. 1400 ya shule ambayo hakuna aliyewahi kufika hapo si sawa na 1400 ya shule ambayo kila mtoto ana mwalimu wa ziada. Hao watoto hakuna aliyewaambia. Mjomba wako wa Minnesota angekuwa mshauri wao angewaambia kaa nayo.

Sasa kabla hujaruka ukasema basi Anti nitume kila mahali, wewe una 1310 si 1400, na pia Dartmouth kwa waombaji wanaosoma nje ya Marekani walisema wanapokea SAT au ACT, au badala yake mitihani kama A-level za Uingereza, IB ya shule za kimataifa, au mtihani wa taifa unaolingana na hiyo. Mtihani wa taifa! Yani matokeo yako ya NECTA ya fomu siksi, ACSEE. Waandikie imeili leo, fupi, ya heshima: nimefanya ACSEE Tanzania, mnaikubali kutimiza sharti lenu la mtihani? Wakijibu ndiyo, unaenda na A mbili na B yako na 1310 inabaki nyumbani. Wakisema hapana unatuma 1310 au ile utakayopata ukirudia, na mahali kama hapo ambapo wanasoma umetoka wapi si aibu hata kidogo. Angalizo, usidhani kila chuo kina mlango huo, Yale kwa mfano nao wanakuruhusu uchague mtihani lakini kati ya SAT, ACT, IB na AP, ile mitihani ya masomo ya sekondari za Marekani, tu, NECTA haimo.

Na mwanangu mbona daftari lako lote ni milima mirefu? Hapa ndo nataka tukae kidogo. Hivo vyuo saba ni vile ambavyo hata mtoto mwenye 1580 analala na wasiwasi. Wewe unahitaji vyuo vingine vitano sita vya chini yake, vile vidogo ambavyo katikati ya wanafunzi wao ni 1250 mpaka 1350, na kule 1310 yenye hesabu 750 unaituma bila kufikiria mara mbili, maana kule inakuweka juu, na vyuo vingi vya namna hiyo alama ndo inayoamua ukubwa wa skolashipu. Kulipiwa kila kitu kabisa kwenye vyuo hivi ni nadra, sikufichi, ila vipo vinavyotoa nafasi chache kwa wageni kila mwaka.

Utavijuaje? Kuna waraka ambao vyuo vingi vinautoa kila mwaka unaitwa Common Data Set. Andika gugo jina la chuo na maneno hayo. Shuka mpaka kipengele cha C9, utaona alama ya robo ya chini na robo ya juu ya walioingia, na muhimu kuliko hiyo utaona ni asilimia ngapi walituma. Watu wengi wanaangalia alama wanasahau asilimia. Kama waliotuma ni theluthi tu basi ile namba ya robo ya chini imejazwa upepo, waliokuwa na alama ndogo wameikalia, kwa hiyo wewe ukiwa chini yake kidogo usikate tamaa. Kama waliotuma ni karibu wote, namba hiyo ni ya kweli. C7 inakwambia mtihani kwao una uzito gani kulinganisha na matokeo ya shule na esei. Afu nenda H6, hapo wanaandika wamewapa wageni wangapi msaada na kwa wastani dola ngapi, na hiyo kwako wewe ni muhimu kuliko SAT yenyewe. Chuo kikionyesha wageni wawili tu mwaka mzima, kiache.

Maana kuna jambo watu hawakuambii, vyuo vingi ukiomba msaada wa fedha na wewe ni mgeni, ule uhitaji wenyewe unahesabiwa kwenye uamuzi. Columbia na Chicago wamo humo. Vinavyosoma faili la mgeni bila kuangalia uwezo wake wa fedha ni vichache, Bowdoin na Dartmouth wamo tangu 2022, MIT pia, Harvard, Yale, Princeton na Amherst. Hivi viwili vya kwanza vipe nguvu zako, vinafaa.

Tuje kwenye 560. Hiyo ndo namba inayoniumiza kichwa mimi, na ukiificha haipotei, swali lake linabaki pale pale: huyu binti ataweza kusoma kurasa mia mbili kwa wiki na kuandika pepa kwa Kiingereza? Umesoma praimari kwa Kiswahili mpaka la saba, hilo wanalielewa, lakini lazima uwaonyeshe jibu mahali pengine. Usipotuma SAT, kitu kingine lazima kibebe Kiingereza chako, yani TOEFL, IELTS au ule mtihani wa Duolingo ambao unafanyia nyumbani kwa bei nafuu. Vyuo vingine vitakwambia umesamehewa kwa sababu sekondari ya Tanzania inafundishwa kwa Kiingereza. Wewe usikubali huo msamaha kirahisi, ukipata alama nzuri itume hata kama hawajaiomba. Na usichanganye, hiari ya SAT haina uhusiano na mtihani wa Kiingereza, watoto wengi wanajichanganya hapo.

Kurudia? Usitoe hela ya baba tena kwa matumaini. Fanya hivi, pakua Bluebook, ile programu uliyofanyia mtihani, ina mitihani ya majaribio ya bure kabisa, kaa na saa yako fanya kama kweli. Kwenye kusoma na kuandika maswali ni 54 na karibu nusu yake si ya msamiati mgumu, ni sarufi, alama za uandishi, kuunganisha sentensi, vitu vya kukariri kanuni ambavyo mtu wa PCM anavimaliza kwa wiki chache, tovuti ya Khan Academy wanafundisha bure. Na kumbuka mtihani huu una hatua mbili, ukifanya vibaya ile ya kwanza wanakupa ya pili rahisi na hapo dari la alama zako linashuka, kwa hiyo ile ya kwanza usikimbie. Ukiona kwenye majaribio unapata 620, 640 mara kwa mara, basi rudia, Desemba bado inawahi dedilaini za Januari, na vyuo vingi vinachukua hesabu yako bora na kusoma kwako bora hata kama ni siku tofauti, kwa hiyo 750 yako haipotei, inaungana na 640 unakuwa na 1390, na hapo mazungumzo yanabadilika. Ukiona unacheza 570, 580 tu, acha, weka nguvu kwenye esei. Msamaha wa ada ya SAT ni wa Wamarekani, usipoteze muda kuutafuta, ila EducationUSA pale Dar, wale wanaoshauri wanaotaka kusoma Marekani, ushauri wao ni bure, wapigie.

Kitu kingine kidogo cha hela, ukijisajili wanakupa nafasi nne za kutuma matokeo bure kabla hujayaona. Usizijaze kwa vyuo vya hiari! Vyuo vingi siku hizi vinakubali ujaze alama mwenyewe kwenye fomu, karatasi rasmi wanaitaka ukishachukuliwa. Na hapo kwenye kujaza mwenyewe andika ilivyo, usiongeze hata 10.

Baba sasa. Yeye anaongea kama mwalimu wa NECTA na simlaumu, kwetu matokeo yanabandikwa kwenye tovuti mtaa mzima unayasoma kabla hata wewe hujapata bando, kuchagua kipi waone hakupo. Muonyeshe sentensi ya chuo chenyewe, muombe aisome mwenyewe, si ya mjomba wala yangu, pale wanaposema mwombaji ndiye anayeamua kama alama zisomwe na asiyetuma hataadhibiwa. Udanganyifu ni kuandika uongo au kuficha pale walipokwambia leta yote. Na hela yake haijakaa kabatini, ile 1310 inaenda kwenye vyuo sita vipya utakavyoongeza, na 750 inasubiri mwenzake.

La haraka kuliko yote ni mkuu wa shule. Barua yake kwenye Common App, ile fomu moja ya mtandaoni ya kuombea vyuo vingi, inapakiwa mara moja inaenda vyuo vyote utakavyoomba kupitia humo, Bowdoin wataisoma, Columbia wataisoma, na ukishachagua usitume halafu mkuu wako kaiandika kwa furaha kwenye mstari wa pili, umetuma bila kujua. Nenda kesho asubuhi mwombe kwa adabu aitoe ile namba, na aitoe hata ile sentensi ya wa kwanza kufanya SAT, maana anayesoma atajiuliza basi alipata ngapi. Badala yake aandike vitu anavyovijua yeye, darasa lenu la hesabu mlikuwa wangapi na wewe ulikuwa wa ngapi, mlikuwa na mwalimu wa fizikia au mlijisomea, umewafundisha wenzako au la. Habari ya kuwa wa kwanza kufanya SAT utaiandika wewe mwenyewe kwenye sehemu ya maelezo ya ziada, mistari miwili tu bila kulia lia, kwa vile vyuo utakavyotuma alama. Sehemu ile unaweza kuibadilisha chuo kwa chuo, barua yake huwezi.

Anti Zai